Tipa la Mazeras lilivyokula vumbi huku filta yake ikiwa safi

Lori la kisa hiki ni tipa la tairi kumi, la dizeli, lenye tabo, yaani ile feni inayosukuma hewa kwenye injini. Kazi yake ni kubeba kokoto na mawe ya Mazeras na kuyashusha kwenye majengo yanayoinuka Kisauni, Nyali na Bamburi, Mombasa. Mwenyewe ni mama mmoja wa Changamwe ambaye ana gari jingine pia, trela la kontena linalotoka Kilindini kwenda Nairobi na kurudi. Magari yote mawili yalihudumiwa gereji moja, na fundi mmoja, kwa utaratibu mmoja: kila wiki filta ya hewa inafunguliwa na kupulizwa kwa kompresa, na kila oili ikibadilishwa filta nayo inatupwa, inatiwa mpya. Trela lilikuwa zima kabisa. Tipa lilikuwa linakunywa oili, linatoa moshi wa samawati asubuhi, na kulipandisha na mzigo kutoka shimoni kwenye machimbo kulishakuwa shughuli. Swali aliloniletea yule mama lilikuwa fupi: "Mwanangu, hii filta sasa niibadilishe mara ngapi?"

Alikuwa na yakini kwamba anaibadilisha kwa kuchelewa. Ushahidi ulipokusanywa ulionyesha kinyume chake. Filta ya tipa lile ilikuwa ikifunguliwa mara nyingi mno, ikisafishwa vibaya, na injini ikaliwa na vumbi huku kila mtu akitazama filta nyeupe na kuridhika. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona wenye malori wengi wa pwani wanatoa pesa zao kwa njia hiyo hiyo, tena kwa nia njema, na inaniuma.

Kwanza walitafutwa wa kulaumiwa, kama kawaida. Dereva alilaumu dizeli. Fundi alimlaumu dereva, kwamba anakanyaga sana. Muuza spea akashauri injekta, vile vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini. Injekta zikatolewa, zikapimwa, zilizochoka zikabadilishwa, na moshi ukabaki ule ule. Hapo palikuwa na jambo moja ambalo lingewaokolea gharama hiyo, nalo ni rangi ya moshi. Filta ikiziba, injini inakosa hewa, dizeli haiungui yote, na moshi unakuwa mweusi. Nguvu inapungua, joto la ekzosi linapanda, na tangi linaisha upesi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mara nyingi oili inaingia mahali pa kuchomea mafuta ama kwa kupitia ringi za pistoni zilizolika, ama kwa kupitia tabo iliyochoka. Kwa hiyo tangu mwanzo tipa hili halikuwa na dalili ya filta iliyoziba. Lilikuwa na dalili ya injini iliyosagika.

Kilichoisaga kilionekana dakika ileile hozi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo ilipovuliwa. Upande huo ni wa hewa iliyokwisha kuchujwa, na ukipitisha kitambaa cheupe kinapaswa kutoka cheupe. Kilitoka na rangi ya udongo. Ndani ya bomba kulikuwa na michirizi myembamba ya vumbi iliyoelekea kwenye tabo, na ncha za mapanga ya tabo zilikuwa zimelika, zimepoteza makali yake, kama inavyotokea chembe ngumu zikiyapiga kwa muda mrefu. Sampuli ya oili ilipelekwa maabara, ikarudi na silikoni nyingi na chuma kingi. Silikoni peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu gundi ya gasketi inaweza kuileta kwenye oili. Silikoni ikija pamoja na chuma, tena kwenye injini yenye vumbi bombani, maana yake ni mchanga umeingia na laina, yaani kuta za ndani za silinda, zinasuguliwa.

Hapa ndipo watu wengi huuliza vumbi dogo hivyo linafanyaje kazi kubwa hivyo. Jibu liko kwenye hesabu ya hewa. Kuunguza lita 1 ya dizeli kunahitaji si chini ya kilo 12 za hewa, yaani lita 10,000 hivi. Tipa likichoma lita 60 kwa siku, hewa inayopita kwenye filta yake si chini ya lita 600,000, na kwa kweli inazidi hapo, maana injini ya dizeli huvuta hewa nyingi kuliko ile inayoiunguzia mafuta. Hewa yote hiyo tipa linaivuta wapi? Kwenye machimbo, nyuma ya tipa jingine linalotimua vumbi, au likiwa limesimama chini ya mashine inayosaga mawe, injini ikinguruma.

Tena vumbi la huku kwetu si la aina moja, na jambo hili sijaona likipewa uzito wake. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa Bamburi hadi Vipingo umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Madini ya mwamba huo ni laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachokwenda 1 hadi 10, yako kwenye 3, chini ya chuma cha kawaida ambacho ni kama 4 au 5. Ukipanda kuelekea Mazeras mwamba unabadilika. Yale mawe ya Mazeras tunayoyatandika barazani na uani ni mawe ya mchanga, na mchanga wake zaidi ni madini yaitwayo kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7. Kwatsi inakwaruza laina na ringi bila taabu. Vumbi la chokaa linaziba filta haraka, na likipata unyevu linagandamana kwenye karatasi, lakini likipenya halina meno ya kwatsi. Malori mawili ya tipa, moja likibeba mawe ya matumbawe na jingine likitoka Mazeras, yanaweza kuonyesha filta zenye uchafu sawa huku hatari zake zikiwa tofauti kabisa.

Chembe zinazoua injini ni zile ndogo, za mikroni 5 hadi 20. Unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Chembe hizo zinatosha kuziba nafasi iliyojaa utando wa oili kati ya ringi na laina, na kusugua pande zote mbili kwa pamoja. Jicho haliwezi kuziona zikipita, na ndiyo sababu jicho si kipimo cha filta.

Basi vumbi lilipita wapi? Tulikuta mambo matatu, na sitaki kuyapa uzito sawa kwa sababu hayakuwa sawa.

Dogo kuliko yote lilikuwa kile kimdomo cha mpira kilichoko chini ya kopo la filta. Kazi yake ni kutema vumbi zito ambalo hewa inalizungusha na kuliangusha kabla halijagusa karatasi. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa wazi, na kwa hiyo hewa ya pale chini ilikuwa ikivutwa ndani na kulikoroga vumbi lililotakiwa kutoka. Hilo linaichosha filta ya nje kabla ya wakati wake, lakini kwa lenyewe halipitishi vumbi hadi kwenye injini.

La pili lilikuwa zito. Malori mengi ya kazi ngumu yana filta mbili, ya nje kubwa na ya ndani nyembamba. Ya ndani ipo kwa ajili ya siku ambayo ya nje imetoboka, au imekaa vibaya, au imefunguliwa kwenye upepo. Kwenye tipa hili ya ndani haikuwemo. Ilitolewa zamani ili lori "lipumue", kwa sababu lilikuwa zito kwenye mlima. Yule dereva alisimulia bila kuficha, na alikuwa na hoja: kweli lori lilichangamka ilipotolewa. Lakini lilichangamka kwa sababu filta ya ndani ilikuwa imeziba, na filta ya ndani ikiziba inakuwa inasema kwamba ya nje inavujisha. Ujumbe ulifika, mjumbe akatupwa.

La tatu ndilo ninaloliona kuwa chanzo, nalo ni kule kupuliza kwa kila wiki. Filta ilikuwa inapelekwa kwa watengeneza tairi, pale ambapo kompresa inajaza tairi za lori, presha ya bar 8 hivi, na utingo anaisogeza hozi karibu na karatasi hadi vumbi lote litoke na filta irudi kuwa nyeupe. Wengi wa watengenezaji wa filta wanaokubali ipulizwe wanaweka ukomo wa presha chini sana ya hapo, kama bar 2 hivi, kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa hozi ukiwa mbali na karatasi. Wengine wanakataza kabisa. Ile filta tuliyoikuta tuliitia taa ndani, gizani, na nuru ikatokeza kwenye vitundu vidogo vilivyofuatana kwenye mkunjo wa karatasi, hasa upande uleule ambao hozi ilikuwa ikielekezwa. Mpira wake wa kuzibia nao ulikuwa umesuguliwa ukang'aa mahali pamoja, alama ya kwamba ulikuwa haukai sawasawa.

Nataka kusimama kidogo kwa huyu utingo. Ni kijana, anapuliza bila kufunika pua, na wingu lile linamrudia usoni. Kwatsi iliyosagwa ikivutwa kwa muda mrefu huleta ugonjwa wa mapafu uitwao silikosisi, ambao hauponi. Hata kama filta zingekuwa zinastahimili kompresa, hiyo peke yake ingetosha kuikomesha kazi ile.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye tipa ambalo kila mtu alikuwa akilitaja kama ushahidi kwamba filta iko sawa. Kwenye bomba la hewa kuna geji ndogo ya kioo. Mshale wake unapanda kadiri injini inavyovuta hewa kwa shida, na unabaki pale ulipofikia hadi mtu aurudishe kwa kubonyeza kitufe. Kipimo chake ni inchi za maji, yaani mvuto huo ungeweza kuinua maji inchi ngapi ndani ya mrija. Kwa injini nyingi kubwa za dizeli zenye tabo ukomo ni inchi 25 hivi, na filta ikiwa mpya mshale unakaa chini sana ya hapo. Geji ya tipa hili ilikuwa nzima, tuliijaribu, na mshale wake ulikuwa kwenye kijani. "Haujawahi kugusa nyekundu tangu nilishike gari hili," dereva alimwambia yule mama. "Tajiri, mimi filta naiangalia."

Aliyoyasema yalikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliopaswa kumtia wasiwasi. Lori linaloshinda kwenye vumbi la Mazeras lazima mshale wake upande. Vumbi likinaswa lazima lionekane mahali, na pa kuonekana ni hapo kwenye geji. Kifumbu kilichotoboka hakizibi hata ukamulie nazi ngapi. Mshale uliotulia kwenye kijani msimu mzima wa machimbo huenda unasema vumbi halinaswi, linapita. Nikiulizwa jambo moja ambalo dereva wa tipa anapaswa kulijua kuhusu geji hii, nitasema hilo kabla ya kumwambia habari ya nyekundu.

Kuna sababu nyingine ya kutofungua filta ovyo, nayo inawashangaza mafundi wazoefu. Filta ya karatasi haiko kwenye ubora wake siku ya kwanza. Iliyo mpya, ikiwa nzuri, inakamata zaidi ya sehemu 99 kati ya 100 za vumbi, lakini vile vitundu vya karatasi bado viko wazi kiasi. Vumbi la mwanzo likishatandaa juu yake linakuwa kichujio juu ya kichujio, na chembe ndogo zaidi zinanaswa. Ukiipuliza kila wiki unaliondoa tabaka hilo kila wiki, na kila wiki unairudisha injini kwenye siku zake za hatari. Tena kila kopo likifunguliwa, vumbi la ukingoni linaweza kuangukia upande safi, na mpira wa kuziba unaweza kurudi ukiwa na punje ya mchanga chini yake. Kufungua nako ni hatari, na hatari hiyo ichukuliwe pale tu panapokuwa na sababu.

Fundi wa gereji hakuyapokea haya kwa urahisi, na namheshimu kwa hilo. Alisema: "Shekhe, mimi nimeona filta nyeusi tii ikitolewa kwenye gari, na gari likaamka palepale. Unaniambia niiache?" Hoja yake ina haki yake. Filta iliyofika nyekundu ikaachwa inaumiza: tabo inafanya kazi kupita kiasi, oili inaweza kuvutwa kwenye sili zake kuingia upande wa hewa, na mwenye lori analipa dizeli inayotoka kwa moshi. Sikumwambia aiache. Nilimwambia aamuliwe na mshale, na ukifika nyekundu aitupe badala ya kuipuliza. Rangi ya karatasi haisemi kitu, kwa kuwa moshi wa magari foleni ya Changamwe unaifanya filta nyeusi huku ikiwa na maisha marefu mbele, na vumbi jeupe la chokaa linaifanya ionekane safi huku imekwisha.

Injini ilifunguliwa. Laina, pistoni na ringi zikatiwa mpya, na tabo nyingine. Bei ya kazi hiyo ingenunua filta za miaka mingi, na yule mama alilijua hilo bila kuambiwa. Ikanunuliwa filta ya nje na ya ndani, zote mbili zikakaguliwa dukani kabla ya kulipa, kwa sababu sokoni zipo za bandia: mikunjo ya karatasi isiyolingana nafasi, gundi iliyochuruzika, mpira mgumu usiobonyea. Hozi ya kwenda kwenye tabo nayo ikabadilishwa pamoja na klipu zake. Hili la hozi lisipuuzwe. Ufa kwenye hozi hiyo unavuta vumbi ambalo halijapitia filta kabisa, na geji haitasema chochote. Kimdomo cha mpira kikarudishwa, na utingo akapewa kazi mpya, kukibinya kila asubuhi vumbi litoke, injini ikiwa imezimwa.

Ilibaki kujua mshale usomwe lini. Injini ikiwa haina kazi inavuta hewa kidogo, kwa hiyo mshale hausemi ukweli pale gereji. Inatakiwa isomwe baada ya injini kukazwa. Tipa la Mazeras lina tabia yake: kurudi mjini na mzigo ni kuteremka, na kupanda kwenda machimboni liko tupu. Barabarani halikazwi sana pande zote mbili. Linapokazwa ni ule mpando wa kutoka shimoni na mzigo, na kwa kuwa mshale unabaki ulipofika, dereva anausoma akishafika juu, kabla hajaondoka kwenye mizani ya machimbo. Anaandika kwenye daftari tarehe, kilomita na mahali mshale ulipo. Akiubonyeza urudi, anaandika pia.

Daftari ndilo lililotoa jibu la lile swali, na jibu halikuwa namba moja. Wakati wa kaskazi, jua kali na vumbi limekauka, mshale ulifika nyekundu kabla ya wakati wa oili, na filta ikabadilishwa peke yake bila kungoja. Masika yalipoanza, udongo umelowa, filta ileile ilivuka mabadiliko ya oili bila kukaribia nyekundu. Kuna asubuhi za mvua ya kusi ambapo mshale uliruka ghafla. Karatasi inapopata unyevu inavimba na hewa inapita kwa shida, na ilipokauka usomaji uliofuata ukarudi chini baada ya kubonyezwa. Dereva aliyezoea ratiba ya kila wiki angeitoa na kuipuliza ikiwa mbichi, na karatasi iliyolowa inachanika upesi zaidi. Vitabu vingi vya malori vinaandika makumi ya maelfu ya kilomita kwa barabara ya lami na kuamuru zipunguzwe sana penye vumbi. Hiyo ni sawa kama kianzio. Lakini kitabu hakijui kama tripu za wiki hii zilikuwa za Mazeras au za Bamburi, mshale unajua.

Kwenye tipa, badiliko moja tu tuliliacha liendelee kwa ratiba. Filta ya ndani haisafishwi hata kidogo. Inabadilishwa kila ya nje inapobadilishwa mara ya tatu, au kabla ya hapo ikiwa mshale unabaki juu hata baada ya ya nje kutiwa mpya. Tarehe yake inaandikwa kwenye ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito, ili asitokee tena mtu wa kuitoa akidhani imesahauliwa humo.

Yule mama aliuliza pia kuhusu trela, kwa nini lenyewe lilipona ilhali lilipulizwa vilevile. Nadhani sababu ni mbili. Linatembea juu ya lami karibu njia nzima, na mdomo wake wa kuvutia hewa uko juu nyuma ya kichwa, mbali na vumbi la tairi. Na filta yake ya ndani haikutolewa. Hata hivyo tuliivua hozi yake na kupitisha kitambaa, na kikatoka cheupe. Ile ya nje ilipotiwa taa ilikuwa na vitundu viwili vitatu vya kompresa, ikatupwa pamoja na ya ndani iliyokuwa imeanza kukamata vumbi lililopenya. Kwa trela tulikubaliana libadilishiwe filta ya nje mara moja kwa mwaka hata kama mshale bado uko kijani, kwa kuwa karatasi na mpira huzeeka, na trela hilo linalala usiku mwingi karibu na maji ya chumvi. Likipita kwenye barabara inayochimbwa, dereva asome mshale kituo kinachofuata na kuuandika. Kompresa ya watengeneza tairi imerudi kwenye tairi.